Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya na mifugo mkoani Kilimanjaro: mwulizeni mgonjwa kuhusu mbuzi wake

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mnaostahili shikamoo yangu. Kwa wadogo zangu mliokabidhiwa ofisi kubwa, habari za kazi.

Ninaandika kutoka Kibosho. Ni mstaafu. Sikuwa daktari wala nesi, nilikuwa mtu wa masijala katika hospitali moja ya mkoa huu ambayo sitaitaja, kwa sababu ninachotaka kusema kingeweza kusemwa na mwenzangu yeyote wa masijala yoyote. Asubuhi nilitoa mafaili, jioni nikayarudisha kwenye rafu, na mwisho wa mwezi nikakaa na vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za wagonjwa, kujumlisha. Anayezifahamu kazi hizo ataikumbuka karatasi ya kuhesabia: vijiti vinne vimesimama, cha tano kinakatiza. Malaria, kijiti. Malaria, kijiti. Nimonia, kijiti. Malaria, malaria, malaria. Ukifika saa tisa mchana vidole vimechafuka kwa wino na jicho halisomi tena, linatambua tu umbo la neno.

Baada ya hapo tulichora chati ya magonjwa kumi yanayoongoza. Karatasi ya manila, rula ya mbao, kalamu nene za rangi, kisha inabandikwa ukutani jirani na mlango wa katibu wa hospitali. Nguzo ya malaria ilikuwa nyekundu. Mwaka mmoja ilirefuka hadi nikalazimika kugundisha kipande kingine cha manila juu yake, na wageni waliokuja kwa ukaguzi walisimama pale wakapiga picha. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimechora kwa unadhifu.

Ninachotaka kuwaambieni ni kwamba nguzo ile ilihesabu kilichoandikwa. Kilichokuwa ndani ya damu za watu ni habari nyingine, na kwa bahati nzuri, mkoa wetu ni mmoja kati ya sehemu chache Afrika ambako habari hiyo ilitafutwa kwa makini.

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa hapa Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Katika hao 870, walioandikiwa malaria walipopokelewa walikuwa 528, yaani asilimia 60.7. Damu ilipochunguzwa sawasawa, wale ambao homa yao ilitokana na malaria kweli walikuwa 14. Si 14 katika kila mia, ni watu 14 katika wote 870. Niliposikia takwimu hiyo mara ya kwanza, kwenye semina, nilidhani msemaji amekosea, nikamwomba arudie. Akarudia. Nikaikumbuka manila yangu.

Basi wengine waliugua nini? Watu 85 walikutwa na bakteria ndani ya damu, 25 walikuwa na fangasi, 14 walikuwa na vijidudu vya jamii ya kifua kikuu vinavyozunguka kwenye damu. Halafu lipo kundi lililonifanya niandike barua hii: maradhi ya bakteria tunayoyapata kwa wanyama. Miongoni mwa waliopimwa maradhi hayo, 118 walikutwa nayo, zaidi ya robo. Arobaini walikuwa na homa ya mgunda, ambayo madaktari huiita leptospirosis. Thelathini na sita walikuwa na homa ya riketsia, ile inayoletwa na kupe. Ishirini na wanne homa ya Q. Kumi na sita brusela, ambayo wafugaji mnaifahamu zaidi kama ugonjwa wa kutupa mimba. Wawili waliobaki walikuwa na riketsia wa jamii ya tifasi. Nje ya kundi hilo, 55 walikuwa na chikungunya.

Na sasa sikilizeni sehemu iliyonikosesha usingizi. Katika mafaili ya siku ya kulazwa, hakuna mgonjwa hata mmoja ambaye daktari aliyempokea alikuwa ameyataja maradhi haya ya wanyama, au chikungunya, kama jambo la kufikiria. Hata mmoja. Haikuandikwa hata kwa penseli, hata kwa alama ya kuuliza pembeni.

Chikungunya ni jina la Kimakonde! Linaeleza mtu anavyojikunja kwa maumivu ya viungo, na ugonjwa wenyewe ulielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 huko Newala. Tumeipa dunia nzima neno, halafu mgonjwa wetu akija amejikunja tunamwandikia malaria. Homa ya Q nayo, yule daktari wa Australia aliyeieleza mwaka 1937 baada ya kuona wafanyakazi wa machinjio wanaugua homa isiyojulikana, aliipa herufi hiyo kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya kuhoji. Ugonjwa ambao jina lake ni swali, na hakuna aliyeuliza.

Najua mtakachonijibu. Mtasema mama huyu anatusomea mambo ya mwaka 2008, siku hizi kipo kipimo cha haraka cha malaria hadi kwenye zahanati ya kijiji, na malaria Kilimanjaro na Arusha ni ya kutafuta kwa tochi. Kweli kabisa. Nilikuwepo kazini vipimo vile vilipoingia, na nguzo nyekundu ilishuka mpaka ikawa fupi kuliko ya minyoo. Nilifurahi. Ila watu hawakuacha kuugua homa eti kwa sababu kipimo kinaonyesha mstari mmoja, yaani malaria hakuna. Waliendelea kuja na blanketi zao. Ikabidi waandikiwe kitu, na hapo nguzo nyingine mbili zikachipua kama migomba baada ya mvua za masika: UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na taifodi.

Nani kati yenu hajaambiwa ana UTI? Mtoto ana homa, UTI. Bibi ana homa, UTI. Bwana harusi amepandwa na homa siku mbili kabla ya ndoa, UTI, na ndugu wa mke wanaanza kutazamana. Ukibisha kidogo unaongezewa: “Na taifodi ipo kidogo.” Taifodi kidogo! Kipimo kinachotumika mara nyingi kusemea hivyo, Widal, ni cha mwaka 1896, na mtu aliyekwisha kuugua au kuchanjwa zamani anaweza kuonekana anayo wakati homa ya leo imetokana na kitu kingine kabisa. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu, na kuotesha damu ni kazi ya hospitali chache.

Sisemi haya kuwadharau vijana walioko kwenye vyumba vya kuona wagonjwa. Nimewaona. Mmoja anaona watu sabini kwa siku, mbele yake kuna dawa aina nne kabatini na mgonjwa ambaye asipoondoka na sindano atasema hakutibiwa. Kuandika “homa isiyojulikana chanzo” kunahitaji ujasiri ambao mfumo wetu hauulipi.

Sasa niwape kisa cha nyumbani.

Kaka yangu, tumbo moja, ana miaka 61 na anaishi kwenye kihamba cha baba, shamba letu la urithi. Ana ng'ombe wawili wa ndani na alikuwa na mbuzi saba. Januari mwaka jana mbuzi wake walianza kutupa mimba, mmoja baada ya mwingine. Wa tatu mtoto alikwama, na kaka akafanya kama baba alivyofanya na babu alivyofanya: alikunja mikono ya shati, akamvuta kwa mikono mitupu, kondo akaizika chini ya mparachichi, akanawa kwa maji ya ndoo. Katikati ya Februari homa ikaanza.

Haikuwa homa ya kumlaza. Ilikuwa inakuja jioni na kuondoka asubuhi, ikimwachia jasho ambalo wifi alisema shuka ungelikamua kama nguo iliyofuliwa. Mgongo ukauma. Nyonga ikauma. Palikuwa na uvimbe wa sehemu za kiume ambao mimi dada yake sikuambiwa, na hata sasa najifanya sijui. Alinunua mseto, dawa ya malaria, dukani bila kupimwa. Akaenda zahanati: mstari mmoja, malaria hakuna, UTI. Akarudi baada ya wiki mbili: UTI na taifodi kidogo, sindano siku tano. Mara ya tatu alikwenda kituo kingine akatundikiwa dripu mbili, akajisikia nafuu siku tatu. Safari zote hizo aliulizwa homa imeanza lini, anatapika au hatapiki, anakojoaje. Hakuulizwa anafuga nini. Ametoka shambani, buti zina mavi ya ng'ombe, harufu ya beberu imejaa chumba, na hakuna aliyeuliza.

Kulipia yote hayo aliuza mbuzi mmoja mnadani. Alikuwa na mimba. Lolote alilokuwa nalo, amelipeleka kwenye zizi la mtu mwingine.

Aliyeuliza ni kijana wa mifugo wa kata. Alikuja na pikipiki mwezi wa nne kwa ajili ya mbuzi, si kwa ajili ya kaka. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda nachambua maharage.

“Shikamoo mzee. Huyu ni wa ngapi kutupa?”

“Marahaba. Wa nne sasa.”

“Anayewazalisha ni nani?”

“Mimi, unadhani mke wangu?”

“Ulivaa glavu?”

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Kijana hakucheka. Alimtazama jinsi alivyoshika kiuno kuinuka, akatazama sweta alilovaa saa saba mchana, akauliza, “Na wewe mzee, hiyo homa imeanza lini?”

Akachukua damu ya mbuzi waliobaki. Kisha akachana karatasi kwenye daftari lake la chanjo akaandika kwa kalamu ya bluu: “Anafuga mbuzi, wametupa mimba wanne, aliwazalisha mwenyewe. Naomba apimwe brusela.” Nikaenda na kaka mjini nayo. Daktari aliyetupokea aliisoma, akaigeuza nyuma kama anatafuta mhuri.

“Nani kaandika hii?”

“Daktari wa ng'ombe,” nikasema.

Alitabasamu, lakini alipima. Ilikuwa brusela. Dawa mbili kwa pamoja kwa wiki sita, bila kuruka siku. Kufikia Juni jasho lilikuwa limekwisha. Mgongo bado unamsumbua akibeba majani.

Waheshimiwa, nimekaa nikajiuliza huyu kaka yangu amehesabiwa wapi. Kwa UTI amehesabiwa mara mbili, labda tatu. Kwa taifodi mara moja. Na lile la kweli? Katika fomu niliyokuwa naijaza mimi, ugonjwa usio na mstari wake uliingia kwenye “Mengineyo”. Mengineyo ilikuwa nguzo ya mwisho kulia, nilikuwa naipaka rangi ya kahawia, na sikumbuki mkaguzi yeyote aliyewahi kuuliza ndani yake kuna nini. Bajeti ya dawa ilifuata chati. Semina zilifuata chati. Hata vyandarua vilifuata chati.

Kosa la kuandika lina gharama nzito kuliko mbuzi mmoja. Kabla ya utafiti wa Moshi, upo mwingine uliochapishwa 2004, wa hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Wagonjwa 4,474 walikuwa wanatibiwa malaria kali. Vijidudu vya malaria vilionekana kwa 2,062 tu, chini ya nusu. Waliokuwa na malaria kweli walikufa asilimia 6.9. Wale ambao hawakuwa nayo, lakini wakitibiwa malaria, walikufa asilimia 12.1. Nisomapo hivyo naona mafaili yaliyopigwa mhuri wa “amefariki” niliyokuwa nayahamisha kwenda rafu ya chini, na wengi wao kwenye jalada waliandikwa malaria kali kwa mwandiko wangu.

Ombi langu kubwa ni dogo. Kwenye karatasi anayofunguliwa mgonjwa wa homa, pale penye umri, kijiji na namba ya bima, ongezeni mstari wa mifugo. Anafuga nini, kuna aliyetupa mimba, nani anazalisha, maziwa yanachemshwa au yananyweka mabichi. Mgonjwa wa Mabogini au Chekereni aulizwe kama anaingia majarubani, kwa sababu utafiti mwingine wa hapa hapa Moshi, uliochapishwa 2018, ulikuta kazi ya mashamba ya mpunga inahusiana sana na homa ya mgunda, na kuzoa mavi ya ng'ombe vilevile. Haya yanaulizwa na mtu wa mapokezi kabla daktari hajafungua mlango. Mimi ningeweza kuyauliza. Miaka yote ile nilimwuliza kila mtu dini yake na jina la balozi wake, na sikumwuliza mtu hata mmoja kama ana mbuzi.

Halafu vipimo. Hapa nawaomba muende polepole. Msije mkanunua kipimo cha bei rahisi cha brusela mkakimwaga kila zahanati, tukapata jina jingine la kubandika kila homa, kama UTI na taifodi. Majirani zetu Kenya wamekwisha kuonja hilo: kipimo kimojawapo kilichosambaa kwenye vituo vyao kilikuwa kinawaambia watu wengi wana brusela wakati hawana, wakameza dawa za wiki sita bure. Bora maabara chache zinazoweza kuotesha damu na kuthibitisha, na utaratibu wa kupeleka huko sampuli za homa zisizoisha, hata kama ni chache kila mwezi. Sampuli chache za kweli zina faida kuliko manila nzima ya kubahatisha. (Na ndugu msomaji usiye mkubwa wa chochote, usiende duka la dawa kuomba doksi, moja ya dawa za brusela, kwa sababu umesoma barua hii. Nenda ukapimwe, na umwambie daktari unafuga nini, hata asipokuuliza.)

Tuliona Lindi mwaka 2022. Watu walianza kutoka damu puani, nchi nzima ikashika roho mkononi, wakapimwa Ebola, wakapimwa Marburg, hakuna. Julai wizara ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda. Wagonjwa 20, waliofariki watatu. Ilitafutwa kwa sababu ilitisha. Ile ya Moshi, watu 40 ndani ya mwaka mmoja kwenye hospitali mbili, haikumtisha mtu kwa sababu ilikuwa imefichwa ndani ya neno tulilolizoea.

Jambo la mwisho ni lenu nyote wawili, wa afya na wa mifugo, na hapa nitasema kama dada mkubwa. Nchi yetu ina mpango wa Afya Moja, wa kushughulikia afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja, na brusela imo kwenye magonjwa sita ya wanyama yaliyopewa kipaumbele. Makaratasi yapo. Ila majibu ya damu ya mbuzi wa kaka yalipotoka, kijana wa mifugo alimpigia kaka. Hakuna aliyempigia daktari. Na daktari alipothibitisha brusela ya kaka, hakuna aliyempigia kijana wa mifugo. Nilimpigia mimi, kwa vocha yangu, nikamkuta yuko kwenye zizi la jirani ambako mbuzi wawili nao wametupa. Jirani huyo ana mke mjamzito na watoto wanaokunywa maziwa yaliyokamuliwa asubuhi ileile.

Mke wa jirani alikwenda kliniki wiki iliyofuata. Nilimwandikia karatasi, kama ile ya kijana wa mifugo, nikaikunja mara mbili akaiweka ndani ya kadi yake. Kati ya ofisi ya mifugo na hospitali ni nauli ya bodaboda isiyozidi elfu mbili. Kama hakuna mtu wa kuipeleka na kuirudisha taarifa hiyo mara moja kwa wiki, mimi Ijumaa huwa sina kazi, na mwandiko wangu bado unasomeka.

Wenu,
Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Kibosho, Moshi